Mjukuu wangu na ngoma ya manyoya: nilivyotakiwa nimkataze

Wakuu, wengi wenu humu ni umri wa wajukuu zangu, kwa hivyo marahaba kabla hamjaniamkia.

Shule niliishia darasa la nne. Herufi zikipinda zinyoosheni wenyewe. Ila nisemayo ni kweli tupu, na mwenyewe kaniruhusu niyasimulie.

Niko Dubai, Al Mankhool, miaka thelathini na ushei. Mie ni somo. Kwa msiojua, somo ndiye anayemfunda mwari kabla ya ndoa: usafi, kauli, mambo ya chumbani. Na kiuno.

Mjukuu wangu Zuhura ana miaka ishirini na saba, yuko reception ya hoteli kule Marina. Siku moja nikakuta chumbani mwake kipepeo cha kujipepea, cha manyoya mekundu, kikubwa kama ungo.

Nikafutia vumbi la kabati.

Karudi kazini, kakiona, kakaa kitako. "Bibi, hicho cha kuchezea."

"Unacheza na kuku?"

Ndipo akanieleza. Anakwenda class Al Quoz, wanawake peke yao, wanajifunza burlesque. Unacheza, unavua kimoja kimoja, glovu, koti, kwa maringo na kwa mzaha, na unaishia pale utakapo wewe.

Nikanuna wiki nzima.

Sasa mtoto wa binti yangu Salma anaolewa, akamuomba Zuhura acheze kwenye shughuli yake ya wanawake. Salma akaja juu. "Mama, mkataze. Avue nguo mbele ya wakwe? Neno lako ndilo la mwisho."

Na kweli, kwenye shughuli zetu somo akisema hapana, khalas.

Zuhura hakulia. "Bibi, ukikataa sitocheza. Ila shughuli za nyumba hii hamtoniona tena."

Nikamwambia, "Cheza nione."

Akacheza palepale sebuleni, baada ya alasiri. Kaingia na sare ya kazi. Karibu sir, karibu madam, na lile tabasamu la kubandikwa.

Akabandua beji ya jina, akaitupa. Skafu. Koti akalishusha bega moja, akalirudisha, akanicheka. Kila kinachotoka, tabasamu la kazini linapungua, linakuja la kwake mwenyewe.

Siwapi zaidi ya hapo, wanaume mumo humu.

"Nani kakutungia?"

"Mwenyewe, Bibi."

Wakuu, umri wote nafunda wari kwamba mwili si aibu, na raha ya ndani ni yako pia, si ya mume peke yake. Leo wa kwangu kanielewa kuliko wote, nami nimnyamazishe kwa kuwa kavua koti?

Nikamwambia, "Kiuno unakiharakisha. Unakimbilia basi la kampuni? Tulia. Rudia."

Tukarudia mpaka adhana ya magharibi.

Siku ya shughuli simu zote zilikusanywa mlangoni, kama ada. Salma kakaa na uso wake wa kununa. Nikasimama, nikasema, "Huyu anacheza kwa idhini yangu. Asiyetaka, chai iko chumba cha pili."

Wawili wakaenda kwenye chai. Mama mkwe wa bi harusi akabaki, na beji ilipotupwa yeye ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Zuhura alipomaliza, jasho linamtoka, nikavua kanga yangu nikamfunga kiunoni mbele ya wote. Mie nikikufunga kanga yangu, maana yake nawe unaweza kufunda. Sijamfunga mwengine.

Salma akaninong'oneza, "Mama, umemharibu."

"Nimemrithisha."

Nililojifunza ni hili: usikataze ngoma hujaitazama mpaka mwisho. Na mtoto wako akiujua mwili wake na akili yake, usione haya kusema ni wako. Mie nasema, huyu ni wangu.

Wenye la kusema semeni. Matusi nayo nitayasoma, ila andikeni kwa herufi kubwa, miwani yangu ya zamani.