Kachanjwa kwa Wembe

Mama mkwe wangu hakusema uongo. Nasema hivyo mpaka leo, maana wapo wanaodai nilimwita mwongo mbele ya watu. Nesi wa chanjo alifika Kiongoroni kwa boti, na kisanduku chake cha barafu, akauliza mlangoni, "Mjukuu kachanjwa?" Mama akajibu, "Kachanjwa." Nesi akapita nyumba ya pili.

Nilikuwa nimekwenda kuchanja kuni, mtoto mgongoni. Niliporudi, mama akanipa habari kwa furaha: kaniondolea usumbufu. Nikamfunua mwanangu kifua. Chale zilikuwa pale pale, alizochanjwa na mganga kwa wembe akiwa mchanga, nami ningali mgeni ukweni, naogopa kufungua mdomo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini siku ile mzazi hakuulizwa.

Neno letu ni moja kwa shoka, kwa wembe na kwa sindano. Surua haijali maneno. Kwetu Mtawanya, mdogo wangu alikuwa na chale kifua kizima ilipomuua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpepea.

Maji yalikuwa yanakupwa, na boti imeanza kusukumwa. Nikamkaza mtoto mgongoni, nikatoka.

"Unakwenda kunivua nguo mbele ya watu?" mama akafoka nyuma yangu.

"Nakwenda kumchanja mwanangu, mama."

"Si kashachanjwa!"

"Kwa wembe!"

Nikaingia topeni mpaka magotini. Ndala moja ikabaki humo, na ibaki. Nahodha akapiga kelele kwamba maji yanawakimbia, watakwama. Nikashika ukingo wa boti, nikamwambia akwame. Siachii mpaka mtoto apate sindano yake ya surua. Nesi akamtazama kifua, akanitazama mimi niliyejaa matope, akafungua kisanduku. Mwanangu alilia kijiji kizima kikasikia. Nilifurahi, sina haja ya kuficha.

Mama alininunia msimu mzima wa mpunga. Nilimwamkia kila asubuhi, nikampikia, nikamtengea. Heshima yake sikuipunguza hata chembe, na msamaha sikuomba.

Kisha boti ikaja tena, kwa sindano ya pili. Nesi akasimama mlangoni, akauliza kama kawaida yake, "Mjukuu kachanjwa?"

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Muulize mamake," akasema.