Mzigo wa Yakobo

Jambo hili nilisema nitakufa nalo, lakini wajukuu wangu wamelipata nusunusu kutoka kwa watu wa Mlola na wanalisimulia vibaya, kwa hiyo afadhali nijicheke mwenyewe, maana mwenye aibu ni mimi na nayakumbuka yote, na majina ya waliokuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, tuna shamba la kijiji la kabichi kule juu, na sisi wanawake ndio tulioshusha kabichi kwa kichwa, tenga baada ya tenga, mpaka barabarani lilikosimama lori la Tanga. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kiongozi wa wabebaji. Shule nilisoma madarasa mawili tu, sijawahi kuchaguliwa hata kupiga kengele ya kanisa, na sasa natembea mbele, naanzisha wimbo, na akina Mariamu, Hadija, Elizabeti na Mama Zuhura (yule mwenye pengo) wanaitikia nyuma yangu. Nilikipenda cheo kile kuliko nguo ya Krismasi.

Mimba ikaingia. Sasa kijijini kwetu mjamzito akijulikana alitolewa kwenye kubeba, akakalishwa kibandani kuchambua maharage, nami nikaona wazi kwamba nikifungua mdomo cheo kimekwenda, nikaufunga, sikumwambia mama mkwe, sikumwambia hata Yakobo mume wangu. Lakini kabichi, jamani. Ile harufu yake ikipigwa na jua juu ya kichwa changu ilinigeuza tumbo, mate yakanijaa mdomoni kama mtoto anayeota meno, na kiongozi hawezi kutema mate katikati ya wimbo, basi naimba nameza, naimba nameza, na tukifika kwenye mikaratusi nawaambia wenzangu tangulieni nikaze ngata, kumbe naenda kutapika.

Na kibandani amekaa Debora. Debora ni mke wa Filemoni, mdogo wake Yakobo, na yeye mimba yake aliitangaza ingali changa kabisa. Hatapiki, anakula chochote, ngozi inang'aa kama amepakwa samli, na mama mkwe anampelekea yai la kuchemsha akimwita mwanangu (mimi miaka yote naitwa mke wa Yakobo). Kila nikipita na tenga langu ananipungia mkono. Mkono ule ulinichoma. Nilikitaka cheo changu, na nililitaka yai la Debora, vyote viwili, na hapo ndipo shetani aliponikamata.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha, lori likakwama chini zaidi, tukaambiwa tushushe mpaka huko. Nilipokaribia kufika tumbo likagoma. Nikalitua tenga langu nyuma ya kichaka, nikamaliza shida yangu, nikajipangusa, na nikiwa bado nahema nikamsikia bwana shamba, Bwana Rajabu, kijana mgeni kutoka Tanga, anapaza sauti:

"Akina mama wenye mizigo, piteni mbele, chai ipo na maandazi."

Sasa mjue kwetu mwanamke mwenye heshima hakuwa anatamka mimba mbele ya wanaume, tulisema ana mzigo. Nikachungulia, nani anapita mbele? Debora, tumbo limetangulia. (Kikapu kidogo cha maharage aliyochambua, alichojitwika kukileta lorini, sikukiona, wivu hautazami juu.) Nikasema moyoni, hata maandazi? Leo hapana. Nikaliacha tenga kichakani, nikapita mikono mitupu mpaka mbele ya Bwana Rajabu.

"Mama, mzigo wako uko wapi?"

"Ninao, bwana."

"Mbona siuoni?"

Nikainama kwa haya. "Bado mchanga."

"Mchanga? Nani amekuambia uulete haujakomaa? Tanga watanirudishia."

Nikaona kijana huyu hana adabu, lakini maandazi nayaona. Nikamwambia sikuambiwa na mtu, mzigo ni wa Yakobo.

Akakunja uso. "Yakobo yupi?"

"Mume wangu. Huyo hapo juu ya lori."

Yakobo alikuwa anapanga kabichi, akasimama na moja mkononi.

"Sikiliza, mama," Bwana Rajabu akasema, polepole, kama anafundisha. "Hapa hakuna mzigo wa Yakobo. Mzigo wowote unaofika hapa ni mali ya kijiji. Sote tumeufanyia kazi."

Akina mama wakaanza kushikana mabega. Mimi damu ikanipanda kichwani, nikajipiga tumbo kwa kiganja, nikasema kwa sauti ya kuanzishia wimbo, "Huu ni wa Yakobo peke yake, na hakuna mwingine aliyeufanyia kazi."

Mama Zuhura alikaa chini kwenye tope kwa kucheka. Kabichi ya Yakobo ikamponyoka, ikateremka mpaka miguuni kwa mama mkwe, aliyekuwa ameshika birika la chai. "Mke wa Yakobo," akasema, "mjukuu wangu naletewa habari zake na bwana shamba?" Kisha akanimiminia chai. Maandazi yalikuwa yamekwisha.

Kesho yake nilikuwa kibandani, na uongozi akapewa Mama Zuhura, ambaye kwa pengo lake wimbo ulitoka kama filimbi, na bado nikamwonea wivu. Debora akanisogezea ungo, akasema, "Dada, afadhali umekuja. Nilikuwa nakuonea gere, unapita unaimba nami nimekaa hapa kama gunia. Nilikuwa nakupungia, wala hutazami." Nikageukia nje kwanza, nikatema. Nilikuwa nimejaa mate.

Mtoto alizaliwa salama, tukambatiza Anna, lakini wapakiaji wa lori walimwita Mzigo, na mimi mpaka leo sokoni Mlola ni Mama Mzigo. Debora alizaa Filipo, anaitwa Mama Filipo, jina la mtu mwenye akili zake. Hilo bado linaniuma. Na tangu siku ile nikisikia tunaitwa mbele, hata iwe kanisani kwenda kupokea meza ya Bwana, kwanza namtazama aliyetangulia, kichwani mpaka miguuni, nione amebeba nini.