Mkalimani wa Ukumbi wa Makoko

Mhadhara ukitangazwa katika ukumbi wa Makoko, mtaa wa kando ya ziwa, hata wavuvi wa dagaa waliokesha ziwani huahirisha usingizi. Watakuja na ndala zao, wabishane kuhusu Marekani, China na riwaya ambazo wengi wao hawajazifungua, na hakuna wa kuwakataza. Kwa wazee ambao Kiswahili kinawapiga chenga, Gaudensia husimama kando ya mzungumzaji akigeuza maneno kwa Kijita, lugha yao ya nyumbani.

Kazi hiyo ilikuwa ya mwanawe, Nathan. Alipokwenda Ulaya kusoma, alimwachia mama yake. Huko masomo yakaishia jeshini, na mwaka jana rafiki yake akapiga simu: Nathan ameuawa vitani, mwili haujapatikana. Habari ilienea mtaa mzima, ikamkwepa mtu mmoja tu, Bibi Yunis, mama mkwe wa Gaudensia, kwa sababu moyo wake ni mgonjwa. Kwake Nathan alikuwa bado anasoma.

Tangu simu ile, kila Gaudensia anapovuta pumzi katikati ya sentensi, humsikia Nathan nyuma ya bega lake akimnong'onezea neno. Hageuki. Anaogopa kumkuta, na anaogopa zaidi kutomkuta.

Jumamosi hiyo Dokta Mugeta, mgeni kutoka chuo kikuu, alizungumzia vita vya mataifa makubwa.

"Vijana wetu pia wamo," alisema. "Wanaahidiwa shule na kazi, wanapewa bunduki. Wengine wamekufa hukohuko, hata kaburi hawana."

Watu wakamtazama Gaudensia, kisha wakainamisha nyuso.

"Anasema vita ni vibaya," akatafsiri.

Bibi Yunis, aliyekaa benchi la mbele, aliinua mkono. Aliacha Kijita, akatumia Kiswahili chake cha kuungaunga ili kila mtu asikie.

"Mama Nathan, huyu mwalimu ameongea mingi, wewe umenipa kidogo. Na watu wote wamekuangalia. Nathan alikuwaga anasema yote, hata ya kutukana wazee."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajikatiza.

Gaudensia alikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni. Akasubiri ile sauti ya nyuma ya bega imwambie la kufanya. Haikuja. Alikuwa peke yake pale mbele, na aliogopa kuliko siku ya simu. Ndipo akayasema yote kwa Kijita: shule, kazi, bunduki, kifo, na kaburi ambalo halipo.

"Na wa kwetu?" bibi aliuliza.

"Yumo, mama. Tangu mwaka jana."

Bibi Yunis hakuanguka kama walivyohofia.

"Mwaka mzima," alisema, "umenizuia kumlilia mjukuu wangu."

Akasogea, akapapasa nafasi kwenye benchi. Gaudensia akaenda kukaa. Na mbele ya Dokta Mugeta, aliyeshika kipaza sauti bila kujua amekosea wapi, kikongwe akaanza kumlilia Nathan kwa sauti, akimwita jina.