Kanga Wasio na Madoa

Mume wangu Sumaili ni mtu mwema, na nalisema hili mapema kwa sababu mbele nitasahau. Hapigi, hatukani, hali cha mtu. Lakini ukimtuma chumvi asubuhi, utakula sombe ya majani ya muhogo chapwa mchana, utaila chapwa na jioni, halafu atakuja na chumvi yake pamoja na habari za kila mtu aliyemkuta njiani. Nimeolewa naye hapa Kabambare nikiwa msichana, na tangu hapo kazi yangu ni kusimama mlangoni nikiangalia njia.

Si mzaliwa wa Kabambare. Aliletwa akiwa mtoto, miaka ile ya bunduki, watu walipokuwa wakichukuliwa mashambani na mitoni. Akakulia katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja, akasilimu, akapewa jina, akajifunza useremala, na yule bwana alipokaribia kufa akamwacha huru. Kijiji chao hakujua kinaitwaje; mtoto mdogo huita kwao nyumbani, basi. Alichokumbuka ni mama yake. Kila mvua zikiisha mama huyo aliupaka ukuta wa nyumba upya, akachora kanga kwa masizi, ndege wa porini wamepangana safu, kisha akamwachia mwanawe atie madoa meupe. Mtoto alichovya kidole gumba katika pemba, ule udongo mweupe wa mtoni, akagandamiza ukutani, doa baada ya doa. Siku aliyochukuliwa alikuwa ametumwa mtoni kuleta pemba, na ukuta nyumbani ulikuwa bado mbichi. Hayo alinieleza mara moja tu, siku za mwanzo za ndoa yetu, na hakuyarudia tena.

Sasa, kabla ya vita vya Wazungu, Kasongo ilipokuwa Kasongo kweli, mke wa Faradji jirani yetu alikwenda huko arusini. Aliporudi alikaa uani kwangu akatusimulia jumba la sultani mpaka masikio yakauma. Mazulia, sahani za Kichina, milango ya nakshi. Halafu akacheka, akasema upande wa wanawake kuta zote zimechorwa na bibi mmoja fundi ambaye watu humwita Mama Kanga, lakini kanga wake hawana madoa. Weusi tii kama kuku wa kawaida. Wenye nyumba wamembembeleza, wamemwahidi nguo, na bibi hataki kabisa kuyatia.

Sumaili alikuwa pembeni anachonga mguu wa kitanda. Tezo ikanyamaza. 

Usiku hakula. Asubuhi akasema anataka kwenda Kasongo, akamwone huyo fundi, maana huenda ni mama yake. Nikamwambia fundi asiyetia madoa huenda ni mvivu tu, au pemba imemwishia. Akasema huenda. Akasema pia kwamba asipokwenda ataulizauliza moyoni mpaka siku ya kufa, na macho yalikuwa yamemjaa machozi, mwanaume mzima mwenye ndevu. Nikakubali. Ila kumtuma Sumaili peke yake Kasongo ni kujifanya mjane. Nikafunga mizigo. Nikamchukua binti yetu Nuru. Na mama yangu, Bi Mwamvita, akasema hawezi kubaki akichunga kuku wakati wenzake wanakwenda kuona nyumba ya mfalme.

Yarabi, safari ile. Tulijiunga na msafara wa wachuuzi wa chumvi, na siku ile ile ya kwanza msafara ukatuacha. Kwa nini? Kwa sababu tulifika kwenye daraja la magogo, na Sumaili akaona gogo moja limelegea. Aliyelilegeza ni yeye? Akashuka majini kulifunga. Mbele kidogo tukakuta mwanamke ambaye mchi wake umepasuka, akakaa kumchongea mwingine, huku mwanamke mwenyewe akimwambia hana haraka. Hana haraka, sawa, yuko kwake! Mama yangu miguu imemvimba, Nuru analia njaa, na bwana anauliza kama kuna mtu ana jiwe la kunolea.

Mama akaniuliza kama siku zile za posa hapakuwa na mwanaume mwingine Kabambare nzima. Nikamkumbusha aliyepokea mahari ni nani. 

Tulipoanza kuona mashamba ya mpunga ya Kasongo nikadhani sasa ataongeza mwendo. Wapi! Akazidi. Sasa alisimama bila sababu yoyote. Anafunga kamba ya mzigo, anaifungua, anaifunga tena. Nikamgeukia nimwage yote niliyokuwa nayo kifuani, nikaona hata kamba haitazami, macho yako mbele kwenye mji.

"Baba Nuru, unaogopa?"

"Na kama si yeye?" akasema.

Nikamwambia atembee.

Tulipomwulizia Mama Kanga, kila mtu alituonesha bustani yake, iko pembeni mwa mji, imezungushiwa ua wa mihina. Nilidhani nitaona bustani ya maua ya kupendeza macho. Ilikuwa bustani ya rangi. Mizingefuri yenye matumba mekundu, manjano, nili, na miti mingine ambayo sikuijua, imepandwa kwa mistari iliyonyooka. Chini ya kibanda kulikuwa na vyungu vya masizi na vya udongo wa kila rangi, na vijiti vilivyotafunwa ncha ili vipake. Nuru akachovya kidole katika kila chungu kabla sijamkamata.

Mwenyewe hakuwapo. Jirani yake, mzee Amisi, alituambia yuko jumbani tangu mwezi uandame, binti wa sultani anaolewa na kuta za ndani zinapakwa upya. Nikamwuliza bibi huyu ametoka wapi. Mzee akasema hilo ndilo lililowashangaza watu: wengine waliletwa Kasongo, yeye alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Alifuata nyuma ya msafara mmoja, peke yake, akifika kila mji anaulizia mtoto. Hapa alipokosa jibu akakaa, akaanza kupaka nyumba za watu. Kwa sababu ni mwanamke, walimpa kuta za ndani tu.

 Nikageuka kumtazama mume wangu nione kama amesikia. Hakuwapo. Alikuwa amechuchumaa katikati ya manjano, anang'oa magugu.

Naapa sikutia chumvi. Mtu ametoka Kabambare kumtafuta mama yake, ameambiwa yuko hapo, mwendo wa kuchemsha maji tu, naye anapalilia! Nikamwambia jumbani hawapokei wageni baada ya alasiri na jua hilo linashuka. Akasema anamaliza mstari huu. Alipomaliza akaanza mwingine. Ilibidi mama yangu, na miguu yake ile, amshike mkono na kumwinua kama mtoto. Hapo ndipo nilipomwona uso, nikampokea mzigo wake.

Jumba la sultani sitalisimulia sana, mke wa Faradji alishalimaliza. Lilikuwa refu, kuta nene, mlango wa mbele umechongwa maua na minyororo, na barazani wanaume wamekaa na majambia yao wakisubiri kuitwa. Wanawake hupita nyuma, mlango wa uani. Tukazunguka wote wanne. Bawabu alikuwa mzee aitwaye Zuberi, mpole, lakini alinyoosha fimbo yake mbele ya kifua cha Sumaili.

"Huku haingii mwanaume, ndugu yangu. Hata kama iko na ndevu nyeupe."

Nilisimama pale nikatamani kucheka na kulia pamoja. Mwanaume amekulia katika nyumba ya Waislamu. Kila siku ya maisha yake ameishia barazani. Aliambiwa wazi kwamba michoro iko upande wa wanawake, na akatutembeza njia yote ile, na milima yake, kuja kutazama ukuta ambao hakuna mwanaume hapa duniani, isipokuwa sultani mwenyewe, anayeruhusiwa kuutazama! Na mimi je? Mimi nilikuwa nimeshughulika na kumsukuma atembee, sikupata hata nafasi ya kufikiri. Sumaili hakubishana. Aliniangalia tu, akasema kwa sauti ya chini nimwangalilie vizuri.

Basi nikaingia, na mama na Nuru nyuma yangu. Bawabu alikuwa ameshatuambia tufanye haraka, adhana inakaribia.

Kuta zilikuwa nzuri, lazima niseme. Chini nyekundu, juu nyeupe, na katikati safu za kanga zimezunguka ua mzima, kila mmoja ameinamisha kichwa anadonoa, unadhani utasikia midomo. Na wote weusi. Hapana doa hata moja. Fundi mwenyewe alikaa juu ya kigoda, bibi mdogo wa mwili, mikono imejaa masizi mpaka viwikoni, akiwagombeza wasichana waliomkorogea udongo. Nikamsalimia. Akaitikia bila kugeuka. Nikamwuliza kwa nini kanga wake hawana madoa.

Wasichana wakaguna, walijua jibu. Bibi akavuta mstari wa shingo mpaka mwisho ndipo akasema, "Madoa iko na mwenyewe."

 Nikashika bega la mama yangu. Nikamwambia bibi yule kwamba mwenyewe yuko nje, kwenye mlango wa uani, amezuiwa na bawabu, ni fundi seremala, na alikuwa akigandamiza kwa kidole gumba. Hili la kidole gumba sikuwa nimelisikia kwa mke wa Faradji wala kwa mtu yeyote Kasongo. Kijiti mkononi mwake kikasimama.

Nikangoja aruke, apige kelele, aangushe chungu. Hakuruka. Akachovya kijiti, akachora jicho la yule kanga. Akachora mguu. Akarudi akanyoosha mkia. Jua linazama, bawabu anatuita, mume wangu nje roho yake inamtoka, na bibi huyu anachora ukucha mmoja mmoja, kama yule aliyekuwa akifunga na kufungua kamba kwenye mashamba ya mpunga! Nikasema moyoni, sihitaji ushahidi mwingine. Huyu ni mama mkwe wangu, kwa jinsi anavyonichelewesha.

Mwisho akainuka. Akachukua chungu kidogo cha pemba, akakikumbatia kifuani, akanipita.

Mlangoni bawabu alisogeza fimbo. Sumaili alikuwa amesimama pale pale tulipomwacha, mikono ikining'inia, na tope la bustani kwenye kucha. Bibi alimfikia kifuani tu. Alimtazama kuanzia miguuni, polepole, mpaka juu. Nilitegemea amwulize jina, au kijiji, au alama fulani mwilini. Mimi ningeuliza.

"Nilikutuma pemba," akasema. "Mbona umekawia?"

Na Sumaili, baba wa mtoto, fundi anayeheshimiwa Kabambare, akainamisha kichwa.

"Nilisimama kidogo mu njia, mama."

Basi.  Bibi akamshika mikono, akauangalia huu, akauangalia na huu, akachagua kidole gumba cha kulia na kukizamisha katika chungu. Ndani hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo akamgandamizia doa la kwanza hapo hapo nje, kwenye mwimo wa mlango wa sultani. Zuberi bawabu aligeuza uso akatazama upande mwingine. Mama yangu alikuwa akilia kwa sauti, yeye ambaye safari nzima alitaka mkwe mwingine.

Wakaendelea kutia madoa, doa juu ya doa, mpaka adhana ikaanza, na hapakuwa hata na kanga wa kutiwa. Nikasema jamani, tutalala wapi. Hawakunisikia. Nikarudia. Ndipo bibi akageuka kuniona mara ya kwanza, vumbi, mizigo, mtoto mgongoni, akamwelekeza mwanawe kwa kidevu.

"Kila siku iko hivi?"

"Kila siku, mama," nikamjibu.

Akanishika shavu kwa mkono wenye masizi.

"Pole, mwanangu," akasema, na mimi, ambaye nilikuwa sijalia njia nzima, nikalia.