Lambo la Antipasi

Kwa miaka mitatu, kila kiangazi, Antipasi alichimba lambo nyuma ya mji wake huko Sepuka, yeye akipiga sururu, mkewe Theodora akibeba udongo kichwani. Chini walikuta mfinyanzi mzito usiopitisha maji. Mvua za mwaka huu zikalijaza hadi ukingoni, majirani wakaja kutazama. Antipasi akachomeka mti wenye alama, aone ng'ombe wake saba wanakunywa kiasi gani.

Mwezi wa sita, wakati wa baridi, maji yalishuka upana wa kidole kwa siku nne. Mwezi wa kumi, jua lilipokaza, kidole kizima cha maji kilikwenda kwa siku mbili. Akadhani kuna mwizi. Akalizungushia lambo miiba, akawanywesha ng'ombe kwenye kisima cha mbali siku sita nzima. Alipotazama tena, vidole viwili na nusu vilikuwa vimekwenda, wala topeni hapakuwa na unyayo wowote.

Winfrida, afisa ugani wa kata, alipita siku ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Maji yangu anakunywa nani?"

Winfrida akachovya mkono. "Yana joto, baba. Yakipata joto hivi yanapaa upesi kama mvuke, na upepo unayasomba. Yakipungua kina yanazidi kupata moto. Lambo lako ni pana, ila kina ni kifupi."

"Nifanye nini?"

"Kivuli kingesaidia. Lakini miti ya kivuli huchukua miaka kukua."

Antipasi akayafunika maji kwa mabua ya uwele, akiba yake ya malisho. Upepo ukayasukumia yote upande mmoja, yakaoza, maji yakanuka. Mwezi wa kumi na moja, kile kisima nacho kikiwa kimekauka, ng'ombe mweupe waliyekuwa wakimkamua alinasa topeni akifuata kidimbwi kilichobaki. Walimvuta kwa kamba tangu asubuhi. Alikufa kamba ikiwa bado mikononi mwao.

Theodora akafunga nguo zake. "Nakwenda Kiomboi kwa binti yetu. Twende wote, Baba Rebeka."

"Na ng'ombe?"

"Watakufa huku unawaangalia."

Antipasi alimbebea furushi hadi kituoni, akasimama mpaka basi likaondoka. Kesho yake aliwaswaga wale sita kuelekea magharibi, ambako watu walisema kuna bwawa. Waliotangulia kulitafuta walikuwa bado hawajarudi.