Kifaa cha Kupima Moshi Nilichomvika Mkamwana Wangu

Kitendawili, wajukuu zangu!

Mgeni wangu hali wala halali, ila anapumua kifuani kwangu.

Mtoto? Siyo. Jini? Kwenu huko.

Haya, nipeni mji. Mlandizi? Nimekwenda Mlandizi, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni kifaa cha kupima moshi.

Na kwa ajili ya kifaa hicho nilimwona mwanangu wa kumzaa akimvunja mkewe taya kwa chepe. Hapa hapa uani kwangu, Kongowe ya Kibaha, saa nane mchana.

Mwezi wa Rajabu alikuja binti mmoja mtafiti, Elinipa, Mpare mpole mwenye begi mgongoni. Chuo chao kinataka kujua moshi wa kuni na mkaa unafanya nini mapafuni mwa sisi tunaopika.

"Shikamoo bibi. Unapika mwenyewe?"

"Marahaba. Sasa nipikiwe na nani, waziri?"

Akacheka. Akanisomea karatasi yote, nikatia sahihi. Darasa la saba nilimaliza miye. Akanivalisha kijimkoba, kifaa kikakaa karibu na shingo. Kinavuta hewa, kinavuma kama mbu, na kina taa ya kijani inayopepesa. Nikae nacho siku mbili.

"Sharti moja tu, bibi. Usimvalishe mtu mwingine."

"Nimekusikia, mwanangu."

Siku ya pili kulikuwa na kumtoa mwali kwa kina Biasha, Mlandizi. Nikajitazama kwenye kioo. Niingie ngomani na taa inamemeteka kifuani? Wenzangu wangesema Mwanakheri kapandisha mashetani ya umeme.

Nikakivua. Nikamvika mkamwana wangu Raudha, aliyekuwa anachambua mchicha.

"Vaa wewe. Moshi ni ule ule, jiko ni lile lile."

"Mama, si alikukataza?"

"Ataniona wapi?"

Nikajifunga khanga zangu, huyooo.

Sasa, mwanangu Sadick, mume wa Raudha, anachoma mkaa porini upande wa Kisarawe. Msitu wa serikali. Juma lile askari wa misitu waliwavamia, yeye na mwenzake Hashiru. Tanuri likabomolewa. Hashiru alikula virungu mpaka akatema jino.

Wakaponyoka, wakarudi na neno moja tu mdomoni: nani katuchoma kwa askari?

Narudi saa nane, nasikia yowe toka barabarani.

Langoni kasimama Hashiru na panga.

"Mama, usiingilie. Tumempata mnoko wetu aliyetuchoma."

Nikapenya chini ya mkono wake.

Raudha yuko chini, kando ya mafiga. Mkono wa kushoto umepinda mahali pasipo na kiungo. Mchicha umetapakaa, umelowa damu. Sadick kamsimamia na chepe la kufukia tanuri. Shingoni kwa Raudha, taa bado inapepesa.

"Unaturekodi! Nani kakutuma? Sema!"

"Cha mama… wallahi, cha mama…"

Sadick akageuka. Macho mekundu, jasho linamtiririka. Akaninyooshea chepe.

"Mama, huyu anasema kidude hiki ni chako. Ni chako?"

Neno moja tu, wajukuu zangu. Ndiyo. Basi.

Nikaangalia chepe. Nikaangalia panga. Ile ndiyo sikuitoa.

"Umeona?" Sadick akamwambia mkewe. "Hata mama anakushangaa."

Chepe likashuka. Nilisikia taya likivunjika kama muwa. Likashuka tena, kifaa kikapasuka. Pigo la tatu likampata begani, naye Raudha hakulia tena.

Hapo ndipo nilipopata sauti, na sauti yenyewe ilikuwa yowe tu.

Majirani wakaja na mawe. La kwanza lilimchana Sadick sikio, la pili likamwangusha. Hashiru akatupa panga, akaruka michongoma. Wakamshushia Sadick mateke mpaka nikamlalia juu, mengine nikayala mimi.

Yule nilimlalia. Raudha sikumlalia.

Polisi wakamchukua Sadick. Raudha tukamkimbiza hospitali ya Tumbi. Wakamfunga taya kwa nyaya, juu na chini, akawa ananyonya uji kwa mrija. Siku ya nne akaomba kalamu kwa ishara. Akaandika kwenye kipande cha daftari:

"Mama, mbona hukusema?"

Nikakigeuza, nikakigeuza tena.

"Sina miwani, mwanangu."

Miwani ilikuwa kwenye pochi, naisikia inagonga funguo.

Huko nyumbani ukoo ulikuwa umeshakaa. Kaka yangu Matano, ndiye mkubwa wetu, akakata shauri: Raudha apewe talaka, arudi kwao. Na Hashiru alituma salamu kwamba mnoko akitoka hospitali, yeye atammalizia.

Kesho yake tukaitwa kituo cha polisi, mimi na Matano. Elinipa alikuwepo, na vipande vya kifaa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hiki hakina masikio," akasema. "Kinapima vumbi la moshi tu. Na sikumpa Raudha. Nilimpa bibi, sahihi yake hii hapa."

Wote wakanigeukia. Matano akafungua mdomo kama samaki.

"Nilimvika mimi," nikasema.

Askari wa misitu aliyekaa pembeni akatikisa kichwa.

"Halafu hakuna aliyewachoma. Tulikuwa juu kule Kisarawe, tukaona moshi umesimama kama mnara. Tukaufuata."

Moshi, jamani. Moshi wao wenyewe!

Sadick alipoambiwa alilia mpaka akatapika, lakini machozi hayaungi mfupa. Hashiru walimnasa Chalinze. Kesi inaendelea, na ushahidi nitautoa mimi, mama mtu.

Funzo langu, ninyi mnaosoma hapa: ukipewa sharti na mtaalamu, uliza sababu yake kabla hujalivunja. Kitu usichokijua, kiulizie kwa mdomo, si kwa chuma. Na wewe mwenye jibu, usimeze mate ukasema umenyamaza kwa hekima. Kunyamaza nako kunavunja taya.

Wiki ya sita wakazikata zile nyaya. Raudha akafungua mdomo polepole, kama mlango wenye kutu. Nikamletea maji, akayasukuma.

"Mama," akasema. "Mbona hukusema?"

Nikamshika ule mkono mzima.

"Niliogopa chepe, mwanangu. Nikasema moyoni, bora lishuke kwako."