Koili ya Kumi na Moja

Khoo Gaik Hwa, ambaye hapa kwenye mji wa viwanda wa Bayan Lepas sote tunamwita Anti Gaik, hakusomea uhandisi. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na saba, akiunganisha nyuzi za dhahabu kwenye chipu chini ya hadubini, na mkono wake haukutikisika. Mkono huo ndio uliompandisha hadi kuchora chipu za kunasa mawimbi ndani ya ving'amuzi vya kebo. Wahandisi hupiga hesabu, yeye huchora, na hakuwa akiruhusu mtu amkague. Mimi ninayepima chipu zikirudi niliwahi kumwomba nipitie mchoro wake, akaniuliza kama nimechoka kuishi.

Sasa, kiwanda kinachotuchapia chipu hujaza vibati vidogo popote palipoachwa wazi, ili tabaka zikae sawa. Koili, yaani waya uliozungushwa wa kunasia mawimbi, haivumilii vibati hivyo, vinaidhoofisha. Kwa hiyo mchoraji huweka alama juu ya kila koili: hapa msijaze. Kompyuta ingeweza kuziweka yenyewe, lakini Anti Gaik aliziweka kwa mkono, huku akitucheka sisi wavivu.

Mwaka ule chipu ikarudi na chaneli za juu ni chenga tupu. Mkubwa wetu, Encik Rosli, alisema hesabu za Thiagarajan, mhandisi kijana tunayemwita Thiagu, ndizo mbovu, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi angemtoa kwenye usanifu, akaandike vitabu vya maelekezo. Thiagu mwenyewe aliamini. Wiki mbili alirudia hesabu zile zile, akaacha hata utani. Anti Gaik alimpelekea vitumbua, akamwambia wanaume na hesabu haviivi chungu kimoja.

Jumatano ya wiki hiyo ya mwisho nilifungua chipu moja, nikamwita Anti Gaik aitazame, maana jicho lake linashinda langu. Aliinama kwenye hadubini muda mrefu. Ndani ya koili ya kumi na moja vibati vilikuwa vimepangwa kama vigae vya sakafu.

Akakumbuka. Wiki ya Mwaka Mpya wa Kichina aliisogeza koili ile kidogo kupata nafasi. Alama ikabaki nyuma, ikilinda mahali patupu.

"Hakuna mwingine aliyeona, Anti," nilimwambia. Naona haya kuliandika hili, lakini nilisema. Nilimpenda, na Thiagu angepata kazi popote.

Aliniuliza tu mashine ya leza itakuwa wazi saa ngapi.

Alivichoma vibati vile kimoja kimoja kwa saa mbili, bila kugusa waya wa koili. Tulipoiweka chipu kwenye kipimo, chenga zikaondoka, akatokea msomaji wa habari, safi hadi vifungo vya koti. Hapo ndipo alipomwita Encik Rosli, na Thiagu pia.

"Hesabu za huyu ziko sawa," alisema. "Niliisogeza koili, nikaisahau alama. Kosa langu."

Encik Rosli akasema kwa upole kwamba kwenye ripoti tungeweza kuandika ni kasoro ya kiwanda.

"Kiwanda kimejaza nilipopaacha wazi. Andika jina langu."

Niliandika mimi. Thiagu alibaki ameikodolea macho skrini, na machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Chipu iliyofuata ilikuwa na koili kumi na nne. Kabla ya kuituma, Anti Gaik alitandaza mchoro mezani kwa Thiagu, jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kuliona.

"Nihesabie alama, mwanangu. Kwa sauti."

"Na nikikosea, Anti, si utanichapa?"

"Ukikosea tutakuwa tumekosea wawili."

Thiagu akahesabu, kidole juu ya kila koili, hadi kumi na nne. Kisha, bila kuambiwa, akaanza tena moja. Anti Gaik alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, na hakumharakisha.